Kina cha Magoti: Wanawake, Mwani na Mpaka Usioandikwa wa Bahari ya Unguja

Neno pwani limetokana na kupwa. Kwa asili yake si bahari wala si nchi kavu. Ni mahali ambapo maji hutoka na kurudi, mara mbili kwa siku. Upande wa mashariki wa kisiwa cha Unguja, kuanzia Michamvi, Bwejuu, Paje na Jambiani hadi Makunduchi, mahali hapo ni papana sana. Maji yakitoka wakati wa bamvua, mtu hutembea kwa miguu mwendo mrefu kuelekea mwamba unaovunja mawimbi, akikanyaga mchanga, majani ya bahari na madimbwi ya maji vuguvugu.

Historia ya Zanzibar tuliyosomeshwa shuleni haisimami hapo kwa muda mrefu. Inazungumza juu ya majahazi yaliyokwenda na pepo za kaskazi na kusi, juu ya mikarafuu ya upande wa magharibi, juu ya masultani, Waingereza na Mapinduzi ya 1964. Pwani yenyewe, ile sehemu ya maji ya magotini, huonekana kama njia tu ya kupita kuelekea chomboni. Ninasoma shahada ya uzamili, na katika mwaka mzima wa kusoma juu ya mazingira na maendeleo nimejikuta nikirudi kwenye eneo hilo. Nimeanza kuamini kwamba ni hapo hasa, kwenye kina cha magoti, ambapo mtu anaweza kuona namna jinsia, madaraka na mazingira vinavyofungamana.

Bahari ya Unguja imegawanywa kwa kina. Maji ya magotini ni ya wanawake. Maji yanayohitaji chombo ni ya wanaume. Mpaka huu haukuandikwa katika sheria yoyote. Umewekwa na kazi, zana, mavazi, ruhusa na malezi. Lakini katika miaka zaidi ya thelathini iliyopita ndio uliosaidia kuamua nani atalima mwani, kwa bei gani na kwa masharti gani. Na sasa, bahari inapopata joto, mpaka huohuo unaelekea kuamua nani ataachwa nyuma.

Kabla ya mwani

Tuanze na makumbi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na shimo lake la makumbi, na aliponieleza habari zake alilitaja kama mtu anavyotaja shamba. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye mchanga wa pwani, hukandamizwa kwa mawe ili maji yasiyachukue, kisha huachwa kwa miezi kadhaa yalainike. Baadaye hufukuliwa, hupondwa kwa rungu hadi nyuzi ziachane, zikaoshwa, zikaanikwa, zikasokotwa kuwa kamba. Hakukuwa na hati ya kumiliki shimo. Palikuwa na mawe yaliyopangwa, na kila mwanamke wa kijiji alijua mawe yapi ni ya nani.

Kamba hiyo haikuwa kitu kidogo. Mitepe, vile vyombo vya kale vya pwani yetu vilivyoshonwa badala ya kupigiliwa misumari, ilishikiliwa na kamba za kumbi. Tunapoisifu bahari ya wanaume, tukumbuke kwamba ilihitaji nyuzi zilizoozeshwa kwenye mchanga wa pwani na kupondwa kwa mikono.

Pamoja na makumbi, wanawake walikuwa na pweza wa mashimo ya mwamba waliomtafuta kwa mchokoo, walikuwa na chaza na kombe, na walikuwa na kutanda dagaa kwa nguo au wavu mdogo kwenye maji mafupi. Hiyo ilikuwa kitoweo cha nyumbani, na ziada iliuzwa. Lakini takwimu za uvuvi kwa kawaida huhesabu vyombo, nyavu na samaki wanaofikishwa dikoni. Pweza anayeingia jikoni ndani ya kikapu hapiti dikoni. Kwa hiyo kazi iliyolisha nyumba haikuingia kwenye vitabu, na kisichoingia kwenye vitabu hakipangiwi bajeti.

Karafuu inaanguka, mwani unaingia

Katika miaka ya 1980 uchumi wa Zanzibar ulikuwa taabani. Kwa zaidi ya karne moja visiwa vilitegemea karafuu, na mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, inakotumika kutengenezea sigara. Indonesia ilipopanda mikarafuu yake na kujitosheleza, bei ikaporomoka. Serikali ikalegeza masharti ya biashara na kuanza kukaribisha wawekezaji. Upande wa mashariki, nchi ya uwanda na mawe ambako mkarafuu hauoti, haukuwahi kufaidika sana na karafuu hata ilipokuwa juu. Ulichokuwa nacho ni pwani pana.

Wakati huohuo dunia ilikuwa imeanza kuzungumza juu ya wanawake na maendeleo. Mwaka 1970 mchumi Ester Boserup wa Denmark alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba miradi ya maendeleo ilikuwa ikiwapa wanaume zana na mafunzo, huku ikiwaacha wanawake na jembe la mkono. Mwaka 1985 mkutano wa kufunga Muongo wa Umoja wa Mataifa wa Wanawake ulifanyika Nairobi. Baada ya hapo, mradi ambao haukumtaja mwanamke ulionekana una kasoro. Kumtaja mwanamke na kumpa madaraka, hata hivyo, ni mambo mawili tofauti, na habari za mwani zinatuonyesha tofauti hiyo.

Mwani wenyewe haukuwa mgeni. Kwa miaka mingi uliokotwa ukiwa wa porini na kusafirishwa nje, hadi soko lilipogeukia mwani wa kulimwa kutoka Ufilipino, ambako kilimo cha biashara kilianza mapema miaka ya 1970. Profesa Keto Mshigeni, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitumia miaka mingi kuutafiti mwani wa pwani yetu na kuhimiza kwamba ungeweza kulimwa hapa. Kilimo cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani zikiwa miongoni mwa vijiji vya kwanza, na mbegu iliyotumika ikatoka Ufilipino. Aina zilikuwa mbili: spinosamu, ambayo ni ngumu lakini ina bei ndogo, na kotoni, ambayo ni dhaifu lakini ina bei kubwa zaidi. Zote hutoa karajinani, kitu kama utomvu kinachotumiwa viwandani kuzipa uzito aiskrimu, maziwa, dawa ya meno na vipodozi.

Zana zilizohitajika zilikuwa chache: vijiti vya kuchomeka mchangani, kamba ya nailoni ya kufunga kati ya kijiti na kijiti, na taitai, vile vikamba vidogo vya kufungia vipande vya mbegu. Mwani huachwa ukue kwa takriban wiki sita, kisha huvunwa, hubebwa hadi nchi kavu, huanikwa. Kilo saba hadi kumi za mwani mbichi hutoa kilo moja tu kavu. Na bei hulipwa kwa kilo kavu.

Hapa masharti ni muhimu kuliko zana. Kampuni ilitoa kamba na taitai, na mkulima akawajibika kuiuzia mwani wake. Kampuni ndiyo iliyopanga bei, na mara nyingi kijiji kilikuwa na mnunuzi mmoja. Mkulima hakuajiriwa, kwa hiyo hakuwa na mshahara, likizo wala bima. Wala hakuwa mfanyabiashara huru, kwa sababu hakuweza kumchagua mnunuzi. Dhoruba ikiing'oa kamba, hasara ni yake. Mwani ukioza kwa mvua kabla ya kukauka, hasara ni yake. Kampuni ilibaki na kile ambacho bahari haiwezi kukichukua, yaani uwezo wa kutaja bei.

Kwa nini wanawake

Husemwa kwamba mwani ni kazi ya wanawake kama vile bahari yenyewe iliamua hivyo. Si kweli. Mwanzoni wanaume nao walilima. Walipoona kwamba malipo ni madogo kwa kazi ya kuinama kutwa, wengi walirudi kwenye uvuvi, au baadaye wakaenda kwenye ujenzi na mahoteli. Wanawake walibaki, kwa sababu hawakuwa na pengine pa kwenda ambapo wangepata fedha taslimu bila kuondoka kijijini, na kwa sababu pwani ya magotini tayari ilikuwa mahali pao. Leo Zanzibar ina wakulima wa mwani zaidi ya 20,000, na takriban wanane katika kila kumi ni wanawake.

Fedha hizo, hata zikiwa kidogo, zilibadilisha mambo ndani ya nyumba. Mwanzoni wako waume waliokataa wake zao wasiende, kwa hoja kwamba mwanamke atashinda nje na kazi za nyumbani zitalala. Upinzani ulipungua sare za shule zilipoanza kununuliwa na mabati yalipoanza kupanda juu ya nyumba za makuti. Wapo wanawake waliojenga nyumba kwa jina lao. Kwa mwanamke anayejua kwamba talaka inaweza kuja siku yoyote, nyumba yenye jina lake si jambo la anasa.

Basi je, mwani uliwakomboa? Ripoti nyingi za miradi hujibu ndiyo, na huweka picha ya mwanamke aliyevaa kanga akitabasamu katikati ya maji ya kijani. Tafiti za afya zinasema zaidi ya hapo. Wakulima wameeleza maumivu ya mgongo na viungo, uchovu, njaa ya kushinda majini, macho yanayouma kwa mwanga wa jua na chumvi, miguu iliyokatwa na makombe na kuchomwa na viumbe wa baharini. Kipato cha wengi hakikutosha kuwatoa kwenye umaskini. Na aliporudi nyumbani, maji ya kunywa, kuni na watoto walikuwa wakimsubiri palepale alipowaacha asubuhi.

Mchumi wa India, Bina Agarwal, aliandika mwaka 1992 makala ambayo imenisaidia sana hapa. Alikuwa akijibu wale wanaosema kwamba wanawake wako karibu na mazingira kwa maumbile yao. Agarwal alisema ukaribu huo unatokana na mgawanyo wa kazi na wa mali. Asiye na ardhi hutegemea msitu wa wote. Anayetumwa kuni ndiye anayejua miti imepungua. Nikiyaleta maneno hayo Jambiani, yananiambia kwamba mwanamke anaijua pwani ya magotini kwa sababu hiyo ndiyo sehemu ya bahari aliyoachiwa. Ujuzi wake ni wa kweli, na ni mkubwa. Lakini tukiusifu ujuzi bila kuuliza kwa nini aliachiwa sehemu hiyo tu, tunamtunza pale alipo.

Pwani inapata wageni

Miaka michache tu baada ya mwani kuja mahoteli. Ardhi yote Zanzibar ni mali ya serikali, na mwekezaji hupewa ukodishaji wa miaka mingi kwa mkataba ulioandikwa. Mkulima wa mwani hakuwa na mkataba wa bahari yake. Alichokuwa nacho ni kilekile alichokuwa nacho bibi kwenye shimo la makumbi, yaani vijiti vilivyochomekwa na majirani wanaojua ni vya nani.

Haki za aina hii zinatosha kati ya watu wanaojuana. Hazitoshi mbele ya ramani. Mgeni wa hoteli anataka kuogelea, na vijiti vinamzuia. Anataka hewa safi, na mwani unaokauka una harufu. Anataka kuruka juu ya maji kwa tiara, na kamba ziko njiani. Mazungumzo yakifanyika, upande mmoja una hati na wakili, na upande mwingine una mazoea. Sisemi kwamba kila hoteli imemwondoa kila mkulima. Vipo vijiji ambako hayo yote mawili yanaishi pamoja. Ninasema kwamba mizani haikuwa sawa tangu mwanzo, kwa sababu upande wa nchi kavu uliandikwa na upande wa kupwa haukuandikwa.

Joto linavuka mpaka

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotoni ilianza kufa kwenye maji mafupi. Ncha za mwani hugeuka nyeupe, hulainika, hukatika, na kamba hubaki tupu. Dakta Flower Msuya, mtafiti wa sayansi za bahari ambaye amefanya kazi Zanzibar kwa miaka mingi pamoja na wakulima hawa, amekuwa akieleza uhusiano wa vifo hivyo na maji kupata joto. Maji ya magotini ndiyo yanayochemka kwanza. Yanapotoka, kinachobaki kwenye madimbwi hupigwa na jua la mchana, na kotoni haivumilii. Spinosamu imestahimili zaidi, ingawa nayo imeshambuliwa na uchafu wa bahari unaonata kwenye mwani na kuwasha ngozi ya wavunaji.

Maana yake kwa mfuko wa mkulima ni rahisi kuieleza. Aina yenye bei nzuri imekimbia kutoka kwenye maji yake, na amebaki na aina ya bei ndogo. Hakufanya kosa lolote. Gesi zilizoipasha dunia joto zilitoka kwenye viwanda na magari ya mbali, lakini hasara inapimwa kwa kilo, kwenye mizani ya kijiji.

Wataalamu wamependekeza njia za kuepuka hasara hiyo. Moja ni kuongeza thamani, yaani kusaga mwani na kutengeneza sabuni, mafuta na vyakula badala ya kuuza mwani mtupu. Ushirikiano wa wakulima, watafiti na wafanyabiashara ulianzishwa Zanzibar mwaka 2006 kwa lengo hilo, na leo sabuni za mwani za vikundi vya wanawake zinauzwa Paje na mjini. Njia ya pili ni kuhamishia kotoni kwenye maji ya kina kirefu, yenye ubaridi zaidi, kwa kutumia kamba zinazoelea au nyavu ndefu mfano wa bomba.

Hiyo njia ya pili, kibayolojia, ni sahihi. Mwani hukua vizuri zaidi huko. Lakini huko ni ng'ambo ya mpaka. Kunahitaji chombo, na vyombo ni vya wanaume. Kunahitaji kujua kuogelea, na wasichana wengi wa vijiji vya pwani hawakufundishwa kuogelea, kwa sababu za heshima na mavazi na kwa sababu hakuna aliyefikiri wangehitaji. Watoto wa kiume hujifunza kuogelea kwa kucheza; ndugu zao wa kike, wa nyumba hiyohiyo na bahari hiyohiyo, huitwa jikoni. Ujuzi ambao ulionekana kama mchezo wa wavulana umekuwa sharti la kupata mwani wenye bei.

Majaribio ya kina kirefu yaliyowashirikisha wanawake yamelazimika kuwafundisha kuogelea na kuendesha mashua, na wapo waliojifunza wakiwa watu wazima, wenye wajukuu. Hilo linaonyesha kwamba mpaka si wa maumbile. Mtu akifundishwa anauvuka. Vilevile linaonyesha kwamba bila mafunzo hayo na bila mashua, kilimo kinaweza kuhamia kwa wanaume kimyakimya, bila sheria yoyote kubadilishwa na bila mtu yeyote kusema kwamba wanawake wameondolewa. Itasemwa tu kwamba teknolojia imebadilika.

Uchumi wa buluu ni wa nani

Tangu mwishoni mwa mwaka 2020, serikali ya Rais Hussein Mwinyi imeufanya uchumi wa buluu kuwa nguzo ya mipango ya Zanzibar, na ikaunda wizara yenye jina hilo. Mwani umetajwa sana. Mashua zimegawiwa kwa vikundi vya wakulima na wavuvi, na kiwanda cha kusindika mwani kimepangiwa Chamanangwe, Pemba. Kwa kijana wa umri wangu, aliyekua akisikia kwamba bahari ni ya mabaharia na kwamba maendeleo yako mjini, ni jambo jema kusikia mwani ukitajwa bungeni.

Lakini Boserup aliandika nini miaka hamsini iliyopita? Kwamba zao la wanawake likianza kuleta fedha na zana mpya, lina desturi ya kubadilisha mikono. Pale Jambiani tumeshaona upande wa kwanza wa desturi hiyo: wanaume waliuacha mwani bei ilipokuwa ndogo. Upande wa pili ni kurudi kwao bei inapopanda na zana zinapofika. Sina ugomvi na mwanamume anayetaka kulima. Ninauliza tu anarudi kwa masharti gani, na aliyeutunza mwani kwa miaka thelathini anapata nafasi gani.

Kwa hiyo, mashua inapotolewa kwa kikundi, tuangalie jina lililoandikwa kwenye hati yake, na tuangalie nani anashika usukani na nani anabaki pwani kuanika. Maeneo ya bahari yanapopimwa na kugawiwa, tuangalie kama vijiti vya miaka thelathini vinahesabiwa kuwa haki au kuwa takataka za kuondolewa. Kiwanda kinapofunguliwa, tuangalie kama mkulima ataweza kumchagua mnunuzi. Na shule za vijiji vya pwani zinapopanga ratiba, tuulize kwa nini kuogelea hakumo, kwa wasichana na wavulana.

Haya ni maswali madogo, ya karatasi na ratiba. Hayana mvuto wa mikutano mikubwa ya tabianchi. Lakini bibi zetu waliijua sehemu moja ya bahari vizuri kuliko mtu yeyote, na ujuzi wao haukuwapa neno lolote juu ya bei, ramani wala chombo. Kizazi chetu kinasoma, kinapiga kura na kinaandika mipango. Mwani unahamia kwenye maji marefu tukiwa tunautazama, na mashua zinagawiwa sasa hivi. Majina bado yanaandikwa.